Anasikia Anachotaka? Maswali Yenu ya Masikio Mwezi Huu

Mwezi huu meseji zenu zimekuwa nyingi na karibu zote zimetoka huku huku kwetu, Masasi, Tandahimba, Newala, mpaka Kilwa. Nimezisoma usiku mmoja nikaona kitu, wengi wanaouliza habari ya masikio wanaanza kwa kumlalamikia mtu. Huyu mama mkwe wake ana ujeuri, yule mtoto wake mzito darasani, mwingine baba yake kanuna hataki kukaa na watu. Sikio lenyewe linatajwa mwisho kabisa wa meseji, tena kwa kupita tu. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha masikio hospitalini na hili limeniuma sana, maana watu wengi wanaoletwa pale wameshagombezwa nyumbani mwaka mzima au miwili kwa kitu ambacho kinapimwa kwa nusu saa.

SWALI: Shikamoo mama. Naishi na mama mkwe hapa Masasi, ana miaka kama 70 hivi. Mimi nikimwita mara tatu haitiki, ila mwanae akirudi jioni akiongea hata kawaida tu anamjibu vizuri. Juzi kaniuliza kikao cha vikoba saa ngapi nikamwambia saa sita, kaenda saa tisa kakuta watu wameshatawanyika, karudi kanikasirikia mimi. Majirani wanasema anasikia anachotaka. Nimechoka mama, naogopa siku moja ntamvunjia heshima.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo sita na tisa ndo imenifanya nianze na wewe. Hebu yaseme hayo maneno mawili polepole hapo ulipo. Ile i na ile a zipo kotekote, na hizo ndo sauti nene zinazobeba neno. Kinachotofautisha ni nani katangulia, s au t, na s, t, f, k, sh, ch zote ni sauti nyembamba, ni upepo tu unapita mdomoni. Sasa uzee unaanza kula sikio kwenye sauti nyembamba. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono mdogo, na humo mna seli zenye vinyweleo, kama elfu 15 na ushee kwa kila sikio, ndo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Zinazopokea sauti nyembamba zimekaa mlangoni mwa konokono, zile za sauti nene ziko ndani kabisa kileleni, na za mlangoni ndo zinachoka mwanzo. Kwahiyo mama anasikia kuwa mtu anaongea, anasikia hata neno lina urefu gani, ila ukingo wa neno umefutika, anabahatisha. Siku akibahatisha vibaya mnamwona mkaidi.

Na mama anamsikia mwanae kwa sababu hiyo hiyo, sauti ya mwanaume ni nene. Ya kwako na ya wajukuu ni nyembamba. Nakuomba uiamini hii, maana najua wakwe wengi wanalia chumbani wakidhani wanachukiwa, na kumbe ni seli tu.

Halafu usimpigie kelele. Ukipiga kelele zinazokua ni zile i na a, s na t zinabaki vile vile, na sikio la namna hii lina tabia moja ngumu, sauti ya kawaida halipati lakini ikipanda kidogo tu inaligonga mpaka linauma, ndo pale mzee anakwambia "mbona unanifokea." Nenda mpaka alipo, mguse bega au mwite kwanza aangalie, kaa mwanga uwe usoni kwako usiwe mgongoni, zima redio, sema taratibu. Asipopata usirudie maneno yale yale, badilisha. Badala ya saa sita sema saa sita mchana, jua la utosi. Na kitu kimoja tafadhali, akikuuliza "umesemaje?" usimjibu "basi, achana nayo." Kuna bibi mmoja aliniambia kliniki kuwa hilo neno ndo lilimfanya aache kukaa barazani, akawa anashinda chumbani na tasbihi yake, na watoto wakadhani ameanza kuchanganyikiwa.

Halafu mpeleke. Anzia hospitali ya wilaya au Ndanda, ikibidi watampa rufaa kwenda Ligula au hospitali ya kanda pale Mtwara, ila pigeni simu kwanza muulize siku ya kliniki ya masikio msije mkapoteza nauli. Watamwangalia nta kabla ya yote, maana wazee wengi masikio yao yamejaa nta kavu na wengine wakitolewa tu wanarudi nyumbani wanasikia kuku. Kama si nta atapimwa kiwango. Na msicheleweshe kwa kusema ni uzee, mwaka 2020 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet liliutaja upungufu wa kusikia kuwa moja ya vitu vinavyochangia watu kupoteza kumbukumbu uzeeni, na ni kitu ambacho kinaweza kushughulikiwa.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 29 Tandahimba huku, napulizia mikorosho ya watu kwa kulipwa. Nabeba mashine toka alfajiri mpaka saa nne saa tano, msimu mzima wa ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho. Jioni masikio yanalia nziiii kama nyenje, nikiamka asubuhi yameacha. Wenzangu wa zamani wanasema yanakomaa yakishazoea. Mke wangu naye analalamika tivii naweka sauti kubwa. Ni kweli yanazoea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayazoei. Hao wenzako wanaosema yamezoea ni kwamba hawaisikii tena ile kelele kama mwanzo, na haikupungua mashine, waliopungua ni wao.

Nakumbuka siku moja nilikuwa shambani kwa ndugu zangu upande wa Nanyamba asubuhi, wapuliziaji wawili wanamalizia mistari ya mwisho. Mmoja kajifunga kitambaa puani mpaka chini ya macho, nyusi zote zimekuwa njano kwa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mpaka kwenye mikunjo ya sikio salfa imekaa. Pua kaifunga vizuri, masikio yako wazi, na injini imekaa mgongoni shubiri moja toka kwenye sikio. Akazima. Kimya kikaja, ndege wakaanza kusikika, yeye akaja mpaka tulipokaa, hatua tatu tu kutoka kwangu, akatuamkia kwa kupiga kelele kama tuko ng'ambo ya mto. Hakujua anapiga kelele. Alikuwa kijana mdogo kama wewe.

Sasa nikueleze hesabu yake. Kelele inapimwa kwa desibeli. Maongezi yetu ya kawaida ni kama 60. Wanaoshughulika na usalama kazini wameweka mstari kwenye 85, hapo mtu anaweza kufanya kazi saa 8 kwa siku. Lakini kila ikiongezeka desibeli 3 tu muda unakatwa nusu, yaani 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, ukifika 100 una dakika 15. Na mashine za kubeba mgongoni zenye injini kwa kawaida zinavuka 90 kwenye sikio la aliyezibeba. Wewe unakaa nayo saa nne au tano. Fanya hesabu mwenyewe.

Ile nziiii ndo sikio linakwambia limeumia. Vile vinyweleo nilivyomweleza dada wa Masasi vinalala kama mpunga uliopigwa na mvua, ikinyesha siku moja unainuka, ikinyesha kila siku unaozea pale pale. Na kwa binadamu havioti tena, hamna sindano hamna kidonge. Asubuhi ukiamka kimya unadhani umepona, ila kuna vichache vimebaki chini, na kesho vichache tena. Siku nyenje asipoacha asubuhi ndo utajua, na atakaa na wewe mpaka usiku wa manane, watu wamelala wewe unamsikiliza.

Kwahiyo kabla ya msimu tafuta vizibo vya masikio, vile vya sponji vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama, bei yake si ya kutisha. Unakisokota kwenye vidole mpaka kiwe chembamba, mkono wa upande wa pili unapita juu ya kichwa unavuta sikio juu kidogo, unakiingiza, unakishikilia kama nusu dakika kivimbe humo. Ukikichomeka tu nje ya tundu hakisaidii kitu. Pamba ya kawaida nayo haizuii, hata ukiisokomeza, kitambaa ndo kabisa. Vipo na vifuniko vya kuvaa kichwani kama hedfoni, vizuri sana ila kwa jasho la shambani wengi wanavivua. Mikono iwe safi unapovishika, salfa isiingie sikioni. Sailensa ya mashine ikitoboka tengeneza, usisubiri mwisho wa msimu. Mpokezane na mwenzako mistari. Na ukitoka shamba masikio yapumzike, usiende moja kwa moja kukaa mbele ya spika za kigodoro, najua msimu wa korosho na sherehe zinaongozana. Halafu kapime sasa hivi, hata kama unaona uko vizuri, mke wako ameshakupima kwa tivii na mimi naamini kipimo chake.

SWALI: Mama naomba msaada haraka, niko Mtwara mjini. Juzi nimesafisha sikio na kijiti cha pamba, toka hapo limeziba. Jirani kaniambia nidondoshee mafuta ya taa.

JIBU: Usiweke mafuta ya taa! Wala petroli, wala mkojo, wala maji ya majani ya aina yoyote. Yanachoma ngozi ya ndani, na kama ngoma ya sikio ina tundu yanaingia mpaka kule kusikotakiwa kuingia kitu.

Inawezekana umeisukuma nta. Nta si uchafu, ndo mlinzi, inakamata vumbi na wadudu halafu inatoka yenyewe taratibu ukiwa unatafuna na kuongea. Kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu, vyote vinafanya kazi moja, vinaishindilia ndani kama unavyoshindilia unga kwenye debe. Kama sikio halijawahi kutoa usaha na haliumi, matone machache ya mafuta ya kula ya kawaida, yaliyo vuguvugu tu, kwa siku tatu nne yanailainisha, halafu nenda wakutolee. Kama linauma au linatoa kitu, usiweke chochote, nenda tu.

Ila hapa nawaambia wote, sikio likizima ghafla, ulilala unasikia ukaamka upande mmoja umekufa, na hukuchokonoa kitu, hiyo usiingoje wiki. Nenda siku hiyo hiyo au kesho yake. Kuna dawa inasaidia kama imeanzwa mapema, na kadri siku zinavyopita ndo inavyozidi kushindwa, baada ya wiki mbili inakuwa ngumu sana. Watu wanapoteza sikio kwa kudhani ni nta.

SWALI: Shikamoo mama, mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la pili Newala. Sikio la kushoto linatoa usaha toka mdogo, linaacha linarudi. Tumeambiwa ni la ukuaji litaisha. Mwalimu ananiambia mtoto mzito, akiulizwa anamwangalia mwenzake kwanza ndo ajibu. Baba yake anamchapa.

JIBU: Marahaba mama. Mwambie baba yake aache kumchapa leo, kabla hata hujamaliza kusoma hapa. Mtoto anayemwangalia mwenzake kwanza ndo ajibu si mzito, huyo ni mtoto mwenye akili aliyetafuta njia ya kusikia kwa macho.

Hamna usaha wa ukuaji. Sikio likitoa usaha zaidi ya wiki mbili hilo ni gonjwa sugu, na maana yake ngoma imetoboka. Watoto wanapata sana kwa sababu kamrija kanakounganisha sikio na nyuma ya pua kwao ni kafupi na kamelala, mafua yanapanda kirahisi. Sasa sauti inapofika kwenye ngoma yenye tundu haipigi sawasawa, na vile vifupa vitatu vilivyo nyuma yake, cha mwisho ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, usaha ukikaa miaka unavila. Upande mzuri wa hii ni kwamba konokono wa ndani mara nyingi bado mzima, kwahiyo ni aina ya upungufu unaotibika, na ngoma inaweza hata kuzibwa kwa upasuaji. Lakini si kwa kusubiri.

Hospitali watampa matone ya dawa ya kuweka kwa wiki mbili hivi, na watakuonyesha kukausha sikio. Angalia vizuri mkono wa nesi hapo maana dawa ikidondoka juu ya usaha haifiki. Unachukua kitambaa safi laini au tishu imara, unasokota iwe kama utambi wa kibatari, unaingiza taratibu mpaka ilowe, unatoa, unasokota nyingine, mpaka itoke kavu. Ndo unaweka matone. Mara tatu kwa siku, hata siku ulizochoka. Akioga weka pamba iliyopakwa vaselini mdomoni mwa sikio, na asiogelee kwanza.

Ukiona nyuma ya sikio pamevimba na sikio limesukumwa mbele, au homa kali na kichwa, shingo imekakamaa, uso umeenda upande, hiyo ni usiku huo huo, usingoje gari la asubuhi.

Shuleni mwalimu amkalishe mbele, sikio la kulia lielekee kwake. Na dawa msinunue kiholela dukani. Jentamaisini, tunayoiita jenta, ni dawa nzuri inaokoa maisha hospitalini, lakini ni ya familia ya dawa zinazoweza kuua zile seli za kusikia, si ya kumchoma mtoto kwa kubahatisha. Hata kwinini inaleta mlio masikioni, wazee wanaukumbuka ule mlio, ingawa wenyewe mara nyingi unaisha dawa ikiisha. Na wadogo zake kadi zao za kliniki zikamilike, surua na rubella chanjo yake ya pamoja inatolewa nchini toka 2014, na surua na rubella ya mama mjamzito vimeacha viziwi wengi sana.

SWALI: Mambo vipi mama, Kilwa hapa. Nazamia pweza na majongoo bahari, nikishuka masikio yanabana mpaka yanauma, siku nyingine nikiibuka natema damu kidogo puani. Nikomae?

JIBU: Usikomae baba. Maji yanasukuma ngoma ya sikio kuelekea ndani, na kwenye mita 10 msukumo umeshakuwa mara mbili ya ule wa juu. Unatakiwa ubane pua upulize taratibu usikie "pop", na uanze tangu juu kabisa, kila unaposhuka kidogo, usisubiri maumivu. Isipofunguka panda kidogo ujaribu tena, ikikataa siku hiyo si yako. Ukiwa na mafua usizame kabisa, na ile damu nenda ukaangaliwe kabla ya kuzama tena. Ngoma ikipasuka ukiwa chini maji ya baridi yanaingia, kizunguzungu kinakukamata, hujui juu ni wapi, na watu wanafia hapo. Na kama kuna wanaolipua baruti bado huko mlipo, mlipuko mmoja tu wa karibu unatosha kulimaliza sikio, lako na la aliyelipua.

SWALI: Shikamoo. Baba yetu tulimnunulia mashine ya sikio kwa kuchangishana watoto wote, tuko Lindi mjini. Kaivaa wiki moja kaweka kabatini, anasema inapiga kelele na betri zinaisha haraka. Tumeumia sana na hela yetu.

JIBU: Marahaba wanangu, na hongereni kwa kuchanga. Msimlaumu mzee. Ubongo wake umekaa kimya miaka, ghafla unaletewa sauti ya vyombo, ya feni, ya karatasi, ya nyayo zake mwenyewe, lazima achoke. Aanze na saa moja au mbili kwa siku, ndani, na mtu mmoja wa kuongea naye, wiki inayofuata aongeze, baadaye ndo barazani, na msikitini au sokoni mwisho kabisa. Inachukua wiki kadhaa mpaka miezi. Kama inapiga filimbi basi kipira kile cha kuingia sikioni hakijakaa vizuri au sikio lina nta. Na lazima arudi alikopimwa waipangilie upya, mashine iliyonunuliwa bila kupimwa sikio ni kama miwani ya kuazima.

Betri zile ndogo zenye kikaratasi juu zinaanza kufanya kazi pale unapokibandua, zinavuta hewa, ukikirudisha haisaidii. Kwahiyo asibandue mpaka ya zamani iishe kabisa, na akishabandua aiache nje dakika chache kabla ya kuiweka. Halafu sisi tuko baharini, unyevu na chumvi vinaila mashine kimya kimya. Asioge nayo, asilale nayo. Usiku aipanguse na kitambaa kikavu, betri itoke au mlango wake ubaki wazi, aiweke kwenye kikopo chenye kufunga pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wajukuu wakusanye hivyo vipakiti, wampe babu yao, ila wasivichezee wala kuviweka mdomoni.